Mabasi Hayaendi Kaskazini

Jumatatu, 2 Machi

Nimeanza kazi kwenye kampuni ya mabasi. Ni kampuni kongwe. Ilikuwa inasafirisha watu baba yangu akiwa bado hajaoa. Wamenipa kazi ya kuitengeneza upya tovuti yao, ili mtu yeyote aweze kukata tiketi bila kumwita mpwa wake amsaidie.

Ukiifungua hiyo tovuti, basi jekundu linatokea kushoto, linapiga honi, kisha linavuka skrini nzima kwa madaha kama bibi harusi. Mpaka limalize kupita, hubofyi kitu. Likishapita unakutana na maandishi ya kijivu juu ya weupe, na menyu inayofunguka ukiigusa na kujifunga ukiisogelea.

Mkurugenzi ni mtoto wa mwanzilishi. Anavaa koti hata joto likizidi. Aliniambia, "Badilisha kila kitu. Basi usiliguse."

"Mzee, hilo basi ndilo linalowachosha watu."

"Umenisikia lakini?"

Nimemsikia.

Jioni mwenzangu, yaani mke wangu, alipiga simu. Yeye ni mhandisi wa madaraja. Yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, safari ya siku mbili kwa basi. Mkataba wake unaisha mwishoni mwa Mei, na sasa wamemwomba aongeze mwaka.

"Unaonaje?" aliniuliza.

"Fanya unavyoona vema. Uamuzi ni wako."

Nilijiona muungwana kwelikweli. Simu ilipokatika nikajikuta nimekaa kitandani, upande wake.

Jumatano, 11 Machi

Mvua imeanza. Nimesahau nguo kwenye kamba.

Jumapili, 15 Machi

Sijaandika habari za Mama, yaani mama mkwe wangu, na huyu ndiye mtu pekee ninayeishi naye. Alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na kustaafu kwenyewe hakujamwingia vizuri: bado akiingia sebuleni najikuta nanyoosha mgongo. Alihamia kwetu mwaka jana. Mwenzangu alipokuwepo, alikuwa mkalimani wetu. "Mama anauliza kama umekula." "Mwambie Mama nimekula." Mkalimani alipoondoka tukabaki kama wapangaji wawili wenye adabu, kila mmoja akisubiri mwenzake atoke jikoni ndipo aingie.

Nilimdhani ni mkavu tu. Hanitazami usoni ninapomsalimu. Nikimpa kikombe, anachelewa kukipokea, kama mtu anayefikiria kama nastahili.

Leo alizungumza na binti yake kwa simu ya picha.

"Mama, unanionyesha dari," mwenzangu alisema.

"Nakuonyesha nyumba yako ilivyo safi."

Tulicheka wote watatu. Nilipita nyuma ya kiti makusudi ili nimwone kwenye simu. Amekonda kidogo, na nyuma yake palikuwa na kofia ya ujenzi imetundikwa msumarini. Akaniambia, "Wee, mbona unapita kama mwizi?" Nikasema natafuta chumvi.

Ijumaa, 20 Machi

Kazini nimepata mshirika wa kweli. Ndiye anayeandika msimbo wa tovuti, na wote wanamwita Bi Makosa, kwa sababu kila asubuhi anaanza na swali, "Makosa yako wapi?" Ana wajukuu wawili na ulimi usio na breki.

Leo tuliwasha ile sauti ya simu inayowasomea wasioona, tukaifunika skrini kwa bahasha, tukajaribu kukata tiketi. Sauti ikasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha." Aliyechora vitufe vile hakuviandikia majina.

"Huyu ndani ya simu ana kigugumizi?" aliuliza Bi Makosa.

Hatukufika hata kwenye kuchagua kituo. Ukurasa ulitutoa, eti muda umekwisha. Tukampelekea Mkurugenzi. Akasikiliza, akajikuna kidevu.

"Vipofu wangapi wanapanda mabasi yangu?"

"Hatujui, Mzee," Bi Makosa akamjibu. "Mlango tumeufunga sisi, halafu tunashangaa mbona hawaingii."

Akasema atafikiria. Nilimwona ni mtu wa majivuno, anayependa mapambo kuliko abiria wake.

Jumapili, 22 Machi

Nimemwangusha Mama.

Niliacha begi la kompyuta katikati ya ukumbi, mchana kweupe, begi jeusi juu ya sakafu nyeupe. Alitoka chumbani kwake akalivaa mzimamzima. Nilimkuta amepiga goti, mkono umeng'ang'ania mlango. Nikamwinua, nikamkalisha, nikaleta maji ya baridi na kitambaa. Sijawahi kumgusa mkwe wangu zaidi ya kumpa mkono, na sasa nilikuwa nimemshika goti. Sote wawili tulikuwa tunaangalia pembeni.

"Mama, hukuliona?"

Alichukua kile kitambaa akakikunja mara mbili.

"Mama?"

"Baba, mimi hata wewe sikuoni. Naona tu kwamba mlangoni pana mtu. Nikisikia amekohoa ndiyo najua ni wewe."

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha zamani; la kulia anaonea kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari amempa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Amejua tangu kabla binti yake hajaondoka. Wakati ananiangalia kando nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananitafuta kwa lile tundu.

"Lazima tumwambie," nilisema.

"Usithubutu."

"Mama, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua. Methali hiyo mimi ndiye niliyemfundisha mkeo, usinirudishie. Unamjua binti yangu? Akisikia, ataacha daraja katikati ya mto, aje kunishika mkono kwenda chooni. Amelisubiri daraja hilo tangu anacheza na matope. Niahidi."

Nilimwahidi.

Ila kuna jambo linanikaba nikiwa peke yangu. Kuna sentensi moja tu ya kumrudisha mke wangu. "Mama haoni." Maneno mawili. Nikiyatamka, wiki ijayo yuko mlangoni na mizigo yake, na hakuna atakayesema nilimwita.

Alhamisi, 26 Machi

Nimemwashia Mama sauti kwenye simu yake na kumfundisha kuitumia. Anaigomba. "Polepole! Nani anakukimbiza?" Kisha akaniuliza kama inaweza kutamka kama binadamu. Baada ya chakula nilimsikia anaisahihisha matamshi.

Jumapili, 29 Machi

Mwenzangu: "Mama hajambo?"

Mimi: "Hajambo."

Akaniambia mto umejaa, mashine zimesimama, wanashinda wamekaa kwenye makontena wakicheza karata. Sauti yake ilikuwa inakuja na kuondoka.

"Ule mkataba," alisema. "Bado nafikiri. Wewe unaonaje?"

"Si nilikwambia? Uamuzi ni wako."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Haya," akasema.

Nimevaa ile sweta yake ya kijivu, inanibana mabegani. Najiambia ni baridi.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Shati halikauki, soksi hazikauki, hata chumvi imekuwa tope.

Alhamisi, 9 Aprili

Nataka niandike ya leo yote.

Asubuhi mto ulikata barabara ya kaskazini. Kituo kikuu wakafuta safari, na kijana wa matangazo akaweka taarifa kwenye tovuti: MABASI HAYAENDI KASKAZINI, herufi kubwa nyekundu, mawingu yamechorwa nyuma. Picha nzuri sana. Mimi na Bi Makosa tulikuwa tumezama kwenye kurasa mpya, hatukuangalia.

Mchana Mkurugenzi akanipigia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za abiria.

"Uko wapi? Njoo kituoni. Kuna mama hapa anasema wewe ni mwanawe."

Nikamwambia mama yangu alishafariki.

"Basi sijui. Anasema mwambie mwalimu mkuu anamwita."

Sikumbuki nilivyofika. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watu, mabegi, viatu vimelowa, watoto wamelala juu ya maboksi. Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho, amevaa gauni lake la kutokea, sanduku dogo katikati ya miguu. Pembeni yake alikaa Mkurugenzi, koti lake amemfunika Mama mabegani. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alikuwa ametoka kusaidia kushusha mizigo.

Tiketi ya kwenda kaskazini Mama alikatiwa jana na jirani yetu mwenye duka la dawa. Leo asubuhi, kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati, akaona aiulize simu kama safari ipo. Akafungua tovuti kama nilivyomfundisha. Sauti ikamwambia, "Picha."

"Nikaigonga tena," alisimulia, bila kumwelekea yeyote. "Ikasema, 'Picha.' Nikajiambia, kama kungekuwa na jambo la maana wangeliandika. Nikaja."

Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Ubao wa safari hakuweza kuusoma. Aliwasikia watu wakilalamika, akadhani ni ucheleweshaji wa kawaida. Aliona aibu kuuliza, mtu aliyepigia kengele watoto wa watu miaka yote ile.

Mkurugenzi akanitazama. "Nilimsogelea nikamwambia, mama, mbona bado uko hapa, si tumetangaza? Akaniuliza, 'Picha ya nini?' Sikumwelewa. Ikabidi anieleze."

Alitubebea sanduku mpaka kwenye teksi.

Njiani vioo vilikuwa na ukungu. Nilikuwa na hasira za woga.

"Mama, ungeniambia. Ningekupeleka mimi."

"Ungenipeleka kama mzigo."

"Ulikuwa unakwenda kumwambia?"

"Nilikuwa nakwenda kumwona." Akageukia dirisha, ingawa hapakuwa na cha kuona hata kwa mwenye macho. "Baba, daktari hakuniambia ni lini. Naweza kuamka kesho tundu limezibwa. Uso wa binti yangu nimeuona kwa simu tu mwaka huu, umebanwa kama stempu, sijui hata ananiangalia au anaangalia nini. Nataka nimwone mara moja, kwenye mwanga wa jua, nimshibe. Halafu liingie hilo giza, linikute nimeshaweka akiba."

Nilidhani mimi ndiye mwenye upweke katika nyumba ile, na kwamba yeye ni mama mkwe tu niliyeachiwa nimtunze.

Tulipofika nilitengeneza chai. Tulikunywa jikoni, wote wawili kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 10 Aprili

Mkurugenzi alikuja mwenyewe kwenye chumba chetu, bila koti.

"Liondoeni basi."

Bi Makosa, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza makosa yako wapi.

"Na tangazo lolote liandikwe kwa maneno. Sitaki tena mtu aambiwe 'picha' na kampuni yangu." Akasimama pale akigeuza pete kidoleni. "Ile honi ni ya kweli, mnajua? Ni ya basi letu la kwanza. Niliirekodi siku moja kabla halijauzwa chuma chakavu. Baba alikuwa akikaribia nyumbani anaipiga kutoka kona ya mbali, nasi tunatoka mbio. Kila asubuhi nikifika ofisini nafungua tovuti kwanza nimsikie."

Kumbe.

Tukakubaliana basi lihamie ukurasa wa historia, likae kimya mpaka mtu mwenyewe abofye. Nikamweleza kwamba tutahitaji maelezo mafupi ya picha hiyo, yale yatakayosomwa na sauti kwa asiyeona. Akaomba ayaandike yeye. Alikaa na karatasi hadi mchana. Aliporudi alikuwa ameandika: "Basi jekundu. Baba anaendesha."

Jumanne, 21 Aprili

Mama amekuja ofisini kutujaribia tovuti mpya. Walikuwepo na wengine: kijana anayetembelea magongo ambaye mikono yake hutetemeka, na fundi cherehani asiyesikia aliyekuja na dada yake wa kutafsiri ishara. Kila mmoja alitupa kazi. Vitufe vilikuwa vidogo mno kwa yule kijana. Fundi alituuliza kwa nini njia pekee ya kubadili tiketi ni kupiga simu, yeye apige simu vipi? Dada yake alitafsiri, kisha wote wawili wakatukazia macho mpaka nikaandika.

Mama alisikiliza kila ukurasa kama anasahihisha mtihani.

"'Bofya hapa.' Hapa wapi? Sifuri. Endelea."

"Tutabadilisha, Mama."

"Na huyu anayenitoa nje kwa kuwa nimechelewa, ni nani? Mnamfukuza abiria hajapata hata miwani yake?"

Bi Makosa alikuwa anaandika huku anacheka. Walipomaliza akamshika Mama mkono kumsindikiza, nikawasikia ngazini wanasemana habari za wakwe wa kiume. Wakanyamaza niliposogea.

Jumapili, 26 Aprili

Mama ameniuliza kama balbu ya jikoni imeungua. Haikuungua.

Mwenzangu alipopiga simu hakuniuliza tena naonaje. Tulizungumzia bei ya saruji.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu. Nimemsomea Mama gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo. Anataka kujua aliyefariki alikuwa na umri gani, kisha anasema "Bado kijana" hata kama ni wa miaka themanini.

Jumanne, 5 Mei

Mvua imepungua. Wanasema barabara itafunguliwa wiki ijayo. Mama amelitoa lile sanduku dogo chini ya kitanda, akalifuta vumbi.

Jumanne, 12 Mei

Tumeiwasha tovuti mpya asubuhi. Bi Makosa alifumba macho alipobonyeza. Hakuna kilicholipuka. Mkurugenzi akafungua ukurasa wa historia, akasikiliza honi yake, akarudi ofisini akijifuta pua.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa mezani na simu.

"Keti. Usinisaidie."

Nikaketi juu ya mikono yangu. Sauti ikamsomea kituo cha kuondokea, kituo cha kufikia, tarehe. Alikwenda polepole, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza mlango. Mara akapiga ulimi.

"Huyu ananiambia narudi kabla sijaenda."

"Umechagua..."

"Nimesema usinisaidie."

Akarudi nyuma, akasahihisha. Sauti ikasema: "Tiketi moja. Jumamosi. Kiti kando ya dirisha. Kitufe: thibitisha." Kidole chake kilikaa hewani muda mrefu. Akabonyeza.

"Moja?" nikauliza. Nilishaanza kupanga kuomba ruhusa kazini.

"Moja."

"Mama, naweza kukusindikiza. Hata mimi natamani..."

"Najua unatamani. Nyumba hii kuta zake nyembamba, na ile sweta naijua kwa harufu." Akanigusa mkono, akaukosa kidogo, akaupata. "Ukija wewe, atakuangalia wewe. Nataka aniangalie mimi. Zamu yako ije baadaye."

Jumamosi, 16 Mei

Jua limetoka. Nimempandisha basi. Dereva alimwita "mwalimu" bila kuambiwa. Nadhani ni ile sauti. Nilisimama hadi basi likapinda kona, nikaendelea kusimama.

Jikoni nimejikuta nasubiri mtu atoke ndipo niingie.

Jumatatu, 18 Mei

Amepiga jioni.

"Mama amelala," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa kulia. "Jana aliposhuka hakunisalimu. Alinishika mashavu akanigeuza kwenye mwanga, hivi na hivi. Ananiangalia kwa jicho moja, karibu kabisa, pua kwa pua. Nikamwambia, Mama, watu wanatutazama. Akasema, 'Waache wasubiri zamu yao.' Nikadhani amepata wazimu. Halafu akaniambia."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Machi. Aliniapisha."

"Ungeniambia ningerudi siku ileile."

"Najua. Kila Jumapili nilikuwa nayo mdomoni."

"Kwa hiyo kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ungerudi kwa ajili ya macho ya Mama. Na mimi ningejifanya ni kwa ajili yangu."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mume wangu, nilikuuliza mara ngapi unaonaje?"

"Uamuzi ulikuwa wako."

"Uamuzi ni wangu, nani kakataa? Sikuwa naomba ruhusa. Nilitaka kujua kama huko nyumbani kuna mtu ananisubiri. Unanijibu kama karani." Akapenga kamasi. "Nimesaini Ijumaa. Mwaka mmoja."

Ijumaa. Siku moja kabla Mama hajapanda basi. Nilikaa sakafuni pale ukumbini, mgongo ukutani. Nje kulikuwa kukavu. Nilisikia watoto wa jirani wakipiga mpira, sauti ambayo sikuisikia msimu mzima.

"Rudi," nikasema.

"Nimeshasaini, nakwambia."

"Nimesikia. Utamaliza daraja lako, nami mwezi ujao nitakuja kumchukua Mama, nitakaa siku zote za likizo yangu. Lakini uliniuliza naonaje. Naona nyumba hii hailaliki. Naona nakutafuta kwenye nguo. Rudi."

Safari hii nilijua mtandao haujakatika, maana nilimsikia anapumua.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, na mara hii kwa sauti kubwa, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwonea aibu.